Kuku Mgeni na Koti la Mzee Albano

Jina alilobatizwa ni Kokushubila, na ukilisikia tu unajua limetoka Bukoba kwenye migomba. Lakini ukifika Mtoni ukauliza kwa Kokushubila ni wapi, utazungushwa vichochoro mpaka soli ziishe. Uliza kwa Koku wa samaki. Hapo hata mtoto anayejifunza kusimama atakunyooshea kidole: pale kwenye kikaango kikubwa, nyuma ya duka la vocha, kwa yule mama mfupi mwenye kanga mbili na sauti moja, sauti ambayo tangu azaliwe hajawahi kuipunguza.

Alizaliwa papo hapo Mtoni. Baba yake, mzee Revelian, alitoka Bukoba kuja kufanya ukarani bandarini, na mama yake alikuwa nesi wa zamu. Sasa nesi wa zamu na mtoto mchanga ni vitu viwili visivyoelewana. Mama akiingia zamu ya asubuhi, mtoto anavushwa njia, anawekwa kibarazani kwa Bi Somoe. Akiingia zamu ya usiku, mtoto analala huko huko. Bi Somoe alikuwa Mzaramo wa Mtoni, na mama yake Mzaramo wa Mtoni, na huko nyuma zaidi tusiende maana hatutarudi. Naye alikuwa na binti wa rika lile lile, jina lake Najat. Akawalaza wote wawili mkeka mmoja, akawabembeleza kwa wimbo mmoja, na walipoanza utundu akawachapa kwa mwiko mmoja.

Kabila nalo lina mambo yake. Watu hudhani linakuja na damu, kama pua ya babu. Lakini hakuna anayemkalisha mtoto chini akamwambia, leo nakufundisha Uzaramo, shika kalamu. Linaingia kama moshi wa jikoni unavyoingia kwenye nguo. Hujui limeingia lini, unashtukia tu wenzako wanakunusa na kusema, wewe ni wa jiko fulani.

Koku aliingiwa na moshi wa jiko la Bi Somoe. Alijifunza kukalia mbuzi na kukuna nazi kabla hajajua kuandika a. Alijifunza tui la kwanza linatiwa lini na la pili lini, na kwamba anayechanganya hayo mawili haolewi. Alijifunza kusonya kwa namna tatu, moja ya hasira, moja ya mapenzi, na moja ya kumwambia mgeni kwamba amekaa vya kutosha. Alifundishwa kupiga goti kidogo akimwamkia mkubwa, shikamoo ikatoka bila kusukumwa. Na siku moja, alipomwamkia mzee mmoja muuza mbao akapita zake, Bi Somoe alimwita akamrudisha.

"Yule ni Mnyamwezi," akamwambia. "Mnyamwezi unamwamkia, ndiyo, adabu ni adabu. Lakini ukimaliza, mtukane kidogo. Asije akadhani humpendi."

"Nimtukane vipi, bibi?"

"Muulize mzigo wake kauacha wapi."

Koku akarudi mbio akauliza. Yule mzee akacheka, akasema, mzigo wangu ni wewe, njoo nikubebe nikakuuze Tabora. Toka siku hiyo Koku akajua duniani kuna watu wa kuwaheshimu, kuna watu wa kuwaogopa, na kuna Wanyamwezi.

Kwao ng'ambo ya njia nako aliambiwa yeye ni Mhaya. Kila Krismasi kilifika kifurushi cha senene, wale panzi wa kukaanga, kutoka kwa bibi mzaa baba, na wazazi wake walikaa nacho mezani kwa heshima, kama watu waliopokea mgeni wa serikali. Koku alikula. Aliwapenda hasa, kwa ndimu na pilipili, kama dagaa. Mama yake alipoiona ile ndimu alifumba macho.

Shuleni mwalimu aliwahi kuwauliza watoto makabila yao, kila mmoja asimame aseme. Koku akasimama akasema, Mzaramo. Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akamtazama juu ya miwani.

"Kokushubila binti Revelian. Mzaramo?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Haya. Sote ni Watanzania, fungueni kitabu."

Jioni baba yake alipohadithiwa alicheka mpaka akakohoa. Mama yake hakucheka. Likizo iliyofuata akapelekwa Bukoba akaone kwao. Huko walimsemesha Kihaya akajibu kwa Kiswahili, wakampa ndizi akauliza nazi iko wapi. Binamu zake wakamwita Mswahili. Aliporudi Mtoni alishuka kwenye gari akaenda moja kwa moja kwa Bi Somoe, hata begi hakulipeleka kwao. Basi Bukoba aliitwa Mswahili, na Mtoni aliitwa Mhaya siku alizogombana na mtu. Siku za amani alikuwa Koku tu, na namshukuru Mungu, Mtoni siku za amani ni nyingi.

Alipofika umri wa kuolewa, wazazi waliona hapa lazima mambo yanyooshwe. Wakamtafutia mume wa kwao, Projestus, kijana mpole aliyekuja mjini kuwa fundi wa saa. Projestus alifurahi mno kupata Mhaya mwenzake katikati ya mji wa watu. Furaha hiyo ilidumu mpaka mlo wa kwanza. Ndizi zilikuja zikiogelea kwenye tui.

"Mama, hizi ndizi?"

"Ndizi, ndiyo."

"Kwetu haziwekwi nazi."

"Kwetu zinawekwa," akasema Koku. Projestus akala. Anakula mpaka leo.

Sasa aje Mzee Albano. Huyu alikuwa Mnyamwezi wa Tabora aliyestaafu kazi ya reli, akajenga kijumba nyumba ya tatu kutoka kikaango cha Koku, yeye na mkewe Tupokigwe, Mnyakyusa mwenye maneno machache. Albano alikuwa mrefu, mwembamba, na alivaa koti. Tunaposema koti, si lile la wakubwa la kitambaa laini. Hili lilikuwa koti zito jeusi la majira ya baridi, la baridi ya nchi nyingine kabisa, na alilivaa Dar es Salaam hii, mwezi wa pili, saa saba mchana. Ukimuuliza alikuwa na jibu: joto halimpati mtu aliyejifunika, litapitia wapi?

Siku ya kwanza alipokuja kununua samaki, alisikia mtu anaita Koku, yeye akasikia kuku.

"Ajabu," akasema. "Tabora tunakaanga kuku. Huku kuku ndiye anakaanga."

"Na Tabora mnavaa blanketi mchana," Koku akamjibu, "au hilo ni la kumfunikia maiti?"

Albano akauliza kwa watu, huyu mama ni wa wapi. Akaambiwa ni Mhaya, lakini kalelewa na Wazaramo. Kesho yake akarudi na methali yake mfukoni.

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Hebu nyoosha mguu, niione kamba yako."

Koku hakuinua hata macho, aligeuza samaki. "Yangu iko mguuni. Yako iko shingoni, ya mizigo aliyobeba babu yako mpaka pwani."

Wakacheka wote wawili, na hapo ndipo utani ulipofungwa. Ikawa kila siku. Albano akimwona, anakohoa toka mbali, ili Koku apate muda wa kutafuta tusi zuri. Koku naye akimkosa siku moja kwa sababu ya homa, anamtuma mtu aende kumuuliza kama amekufa, maana akifa anataka lile koti. Na hapo ndipo ahadi ilipotokea, kwa mzaha kama ahadi zote nzito.

"Ukifa wewe," Koku akasema, "nalivaa hilo koti nakutembeza mtaa mzima, watu waone ulivyokuwa unatembea kama mtu aliyedondosha sindano."

"Na ukifa wewe, mie nakalia kikaango chako. Siondoki mpaka wanikomboe kwa jogoo."

"Kikiwa cha moto?"

"Kitakuwa cha moto. Nyie hamjuagi kuzima moto."

Wakapeana mikono, ule wa Koku ukiwa na mafuta. Projestus alikuwepo, akasikia.

Mzee Albano alikufa mchana, kwenye kiti chake, amekula ameshiba, koti mwilini. Tupokigwe alimwamsha kwa chai akaona haamki. Koku alipoletewa habari aliepua samaki wakiwa hawajaiva, akazima moto kwa maji, akafunga kanga kiunoni, akaenda. Alilia sana. Halafu akanawa uso, maana alikumbuka kwamba ana kazi.

Asiyejua utani wa misiba huenda akaona hii ni ajabu. Wafiwa wanalia, watu wamenyamaza, mara anaingia mtani anamkejeli marehemu, anavaa nguo zake, anaiga mwendo wake, anakaa kwenye kiti chake anadai alipwe ndipo aondoke. Wafiwa wanakasirika, halafu wanacheka, halafu kilio kilichokwama kooni kinapata njia. Msiba bila mtani ni kama wali bila maji: moto utaunguza sufuria tu. Na Mnyamwezi anazikwa na Mzaramo kama Mzaramo anavyozikwa na Mnyamwezi, ni mambo ya mababu hayo, toka enzi za misafara. Lakini lazima uwe mtani kweli. Mtu asiye mtani akifanya hayo ametukana maiti, na maiti hawezi kusamehe.

Msimamizi wa msiba alikuwa mpwa wa marehemu, Augustine, mtu mzima mwenye kifua kipana, mfanyabiashara wa asali. Alishuka kwenye basi la Tabora na madumu mawili ya asali kwa ajili ya wageni, akashika msiba kwa mikono miwili. Turubai likafungwa, viti vikapangwa, akinamama wakapewa upande wao wa jikoni. Kundi la wafiwa kwenye simu likawa linapokea ujumbe wake kila dakika: wa Mwenge wapitie sanda, wa Kinyerezi waje na maji. Alikuwa anafanya vizuri, tumpe haki yake. Asubuhi ya mazishi Koku alimfuata pale alipokuwa anahesabu vikombe.

"Mwanangu, pole. Nimekuja kuchukua koti."

"Asante mama. Koti lipi?"

"La mjomba wako. Mie ni mtani wake."

Augustine akaweka vikombe chini, akafurahi. Alikuwa ameanza kuona haya kwamba watani hawajajitokeza. "Karibu sana mama. Wewe ni Mzaramo?"

"Mzaramo."

"Tukutangaze kwa jina gani?"

Koku angeweza kusema Koku tu, au Koku wa samaki, yakaisha. Lakini msibani mtu hutaja jina lake lote. "Kokushubila," akasema.

Augustine akaongea taratibu, kwa adabu, na hiyo adabu ndiyo iliyomuumiza Koku kuliko tusi.

"Mama, usinielewe vibaya. Hilo jina ni la Kihaya. Wahaya na sie hatuna utani. Nikikuruhusu, wazee kule Tabora watasema nimemwachia mtu baki amdhihaki mjomba. Kaa na akinamama, wewe ni jirani mwema, tunakuheshimu."

Koku akarudi upande wa jikoni. Maisha yake yote ile kamba ya mguuni ilikuwa ya kuchekea. Leo mtu ameivuta kweli, na yeye ameanguka. Akakalia mbuzi akaanza kukuna nazi ambayo hakuna aliyemwagiza.

Najat, binti yake Bi Somoe, ambaye sasa ni bibi wa wajukuu kama Koku, alikuwa anachambua mchele. "Kakwambia nini yule?"

"Kaniambia mie Mhaya."

"Kaanza lini kukujua?" Najat akasonya, ile ya namna ya tatu. Baada ya muda Augustine akaja mwenyewe, akamwomba Najat, kwa kuwa yeye ni Mzaramo asiye na shaka, afanye yeye ule utani. Najat hakumwangalia.

"Mie magoti mabovu. Na chakula cha dada yangu sili, hata nikifa njaa."

Basi wanaume kule kwenye viti wakamshauri Augustine: kuna Bakari, mtoto wa kaka yake huyo huyo Najat, Mzaramo pande zote mbili, baba na mama, damu haijachanganywa hata tone. Wakampigia Bakari, akaja na bodaboda. Na ni kweli, damu yake ilikuwa safi. Ila baba yake alikuwa askari, akamzaa na kumkuzia kambini, Mbeya huko kwenye baridi, halafu Bakari akaja kuuza vinyago Mwenge, ambako siku nzima kazi yake ni kuwaambia wageni karibu na asante. Kijana mzuri sana. Hajawahi kumtukana mtu maishani.

Alivalishwa koti. Akalifunga vifungo vyote, akalinyoosha kola, akasimama mbele ya watu na mkono kifuani.

"Poleni sana wafiwa," akasema. "Naomba nitoe utani."

Watu wakangoja.

"Marehemu," Bakari akasema, "alikuwa mchoyo."

Mzee mmoja, ndugu wa marehemu, akainua kichwa. "Alikuwa mchoyo kweli?"

"Hapana, baba. Samahani. Mie sikumfahamu."

Kule ndani, mlangoni, Tupokigwe alikuwa amekaa kwenye godoro, macho makavu, vile vile alivyokaa toka mumewe alipokosa kuamka. Hakuwa amelia wala kula. Uji uliwekwa mbele yake ukaganda ngozi juu, ukaondolewa, ukaletwa mwingine. Alimtazama Bakari ndani ya lile koti, halafu akageuza uso ukutani.

Koku aliliona lile koti limefungwa vifungo kama sare ya shule, akamwona na Tupokigwe amegeuka. Mbuzi ya nazi ikaanguka. Akapita katikati ya viti vya wanaume.

"Vua," akamwambia Bakari.

"Ndiyo, shangazi," Bakari akasema kwa shukrani ya dhati, akavua.

Augustine akasimama. "Mama, tulishaongea. Usitulazimishe kugombana msibani. Wahenga walisema, kuku mgeni hakosi kamba mguuni."

Ilikuwa methali ile ile. Koku akaisikia, na badala ya kumchoma kama maneno ya asubuhi, safari hii ilimfikia kwa sauti ya Albano na kikohozi chake. Akanyoosha mguu mbele ya watu wote, na ndala yake.

"Haya, itafute. Wewe si ndiye fundi wa kamba? Bila kamba na mizigo ya watu nyie mngeijulia wapi pwani? Umekuja na basi, lakini madumu ya asali najua ulitaka kuyabeba kichwani, konda ndiye aliyekukataza."

Mtu mmoja akaguna. Mwingine akajifanya anakohoa.

"Mama, asali yangu usiiseme."

"Niiseme nini, asali yenyewe imejaa nyuki. Walikufa kwa usingizi wakiwasikiliza nyie mnavyosalimiana. Mnaanza asubuhi, mnamaliza viazi vimeshakauka vimekuwa michembe."

Augustine naye alikuwa na bibi aliyemlea. Naye alikuwa amewekwa kwenye mkeka, kule Tabora, akafundishwa kwamba Mzaramo akikurushia neno huliachi lianguke chini, unalirudisha lilikotoka. Kitu hicho kiko ndani ya mtu kama kupiga chafya. Mdomo wake ulitangulia, akili ikawa bado inavaa viatu.

"Nyie Wazaramo ndivyo mlivyo," akasema. "Shamba mmeuza, mnazi mmeuza, hela mmechezea ngoma, sasa hamna pa kucheza mmekuja kucheza kwenye msiba wetu."

Watu wakatazamana. Najat ndiye aliyetangulia kusema, akiwa mlangoni na ungo wa mchele.

"Mmemsikia wenyewe? Kasema nyie Wazaramo. Sijamtuma mie." Akapiga kigelegele kimoja kirefu, na magoti yake mabovu yakakisindikiza.

"Nimeteleza," Augustine akasema.

"Ulimi hauna mfupa, baba," mzee mmoja akamwambia. "Neno limeshatoka."

Augustine akatafuta msaada. Akamwona Projestus, amekaa kimya mwisho wa safu kama kawaida yake. "Mzee wangu, wewe ni mume wake, na ni Mhaya. Tusaidie. Huyu mama ni kabila gani?"

Projestus akasimama polepole, akafuta miwani yake.

"Mie mahari nilipeleka kwa Wahaya," akasema. "Hilo nina uhakika nalo. Lakini tangu siku ya harusi naomba ndizi zisizo na nazi, na sijazila mpaka leo. Wewe mwenye akili niambie ni kabila gani." Akaanza kukaa, akakumbuka jambo jingine. "Na ile ahadi ya koti nilikuwepo. Walipeana mikono."

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele. Augustine alijitahidi kukibana, kikampitia puani. "Mpeni koti," akasema. "Mpeni Mzaramo koti lake."

Koti lilimfika Koku karibu na vifundo vya miguu, mikono ikaning'inia. Hakuna aliyecheka bado. Halafu akainamisha kichwa, akaweka mkono mmoja mgongoni, akaanza kutembea, na Albano akaingia uani. Ni yeye kabisa, yule mtu aliyedondosha sindano. Akakohoa kwenye kona kabla ya kufika. Akamwamkia mbuzi wa jirani kwa heshima zote. Akasimama mbele ya sufuria ya wali akanusa, akasema kwa sauti ile ya puani, "Nani tena kautia wali nazi, mnataka kuniua?" halafu akajibu mwenyewe, "Aa, nimeshakufa. Pakueni." Watu walikuwa wameshikana mabega. Mzee ndugu wa marehemu alikuwa anajifuta machozi kwa kofia.

Akatoka nje, akaenda mtaa mzima kama alivyoahidi, mpaka dukani kwa vocha na kurudi, wapita njia wakisimama. Aliporudi akaenda moja kwa moja mpaka mlangoni kwa Tupokigwe. Akasimama mbele ya godoro, akakohoa.

"Mama," akasema. "Chai gani hii? Hii si maji uliyooshea vikombe?"

Kila asubuhi ya Mungu Albano alisema maneno hayo, na mtaa mzima uliyasikia kupitia dirisha. Na kila asubuhi mkewe alimjibu kitu kimoja.

Tupokigwe akainua macho, akaliona koti.

"Kapike mwenyewe," akasema.

Kisha akacheka, kicheko kifupi kama mtu aliyekanyagwa, na kicheko hicho hakikuisha kwa kicheko. Akalia. Alilia kwa sauti, akalikumbatia lile koti na Koku akiwa ndani yake, nao wakakaa hivyo wakilia, na hakuna aliyewaambia wanyamaze. Alipomaliza aliomba uji.

Kazi ilikuwa haijaisha. Koku akaenda kukikalia kiti cha marehemu, akakunja miguu, akatangaza kwamba haondoki mpaka akombolewe, na kwamba jeneza likifika litamkuta pale. Augustine akanong'ona na vijana. Wakaenda, wakarudi na jogoo mwekundu, kamba ya katani mguuni.

"Huyu hapa," Augustine akasema. "Kuku mgeni, na kamba yake. Mtani, tuachie kiti."

"Mwembamba," Koku akasema. "Amelishwa michembe." Lakini akapokea, akainuka, na Mzee Albano akazikwa vizuri. Koti, Tupokigwe alikataa kulirudisha ndani. Alisema akiliona litaning'inia tu, kheri likae kwa Koku, angalau litakuwa linaropoka.

Nyumbani Projestus alimtazama yule jogoo kwa macho ya njaa. Alidhani labda huyu angeweza kupikwa bila nazi. Koku akamwambia huyu haliwi. Akamfunga kwenye mguu wa benchi, mpaka alipoona anakula na kuku wenzake wa pale na jioni anaivuta kamba kuelekea bandani, akamfungua.

Arobaini ilipopita, Augustine akapita kuaga, begi mgongoni na madumu matupu mkononi. Akamkuta Koku kwenye kikaango, kuku wakiparua pembeni.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba. Mzigo wako mwingine uko wapi?"

"Nimekuja kumwangalia kuku wangu. Yuko wapi?"

"Si ndio hao. Mchague."

Augustine akainama akaangalia miguu. Wekundu walikuwa wengi, na miguu yote ilikuwa mitupu. Akazunguka benchi, akanyoosha kidole kwa mmoja, akasita, akanyoosha kwa mwingine.

"Huyo kaanguliwa hapa hapa," Koku akasema.

"Nyie Wazaramo," Augustine akasema, akitikisa kichwa, "mtu akikuachieni kitu hakitambuliki tena."

"Safari njema, mpagazi." Na Koku akamfungia samaki wa njiani, mkubwa kuliko wote waliokuwa kwenye kikaango, akamwambia asimtie kwenye begi, atanuka. Ambebe kichwani.